Kuni za Shule na Amri ya Saba



Naleta kwenu swali lililonikaa moyoni kwa muda mrefu. Laonekana kuwa swali dogo, maana lahusu kuni za kupikia maharage shuleni. Lakini kila nikilishika naona kwamba mizizi yake ni mirefu, nayo yafika mpaka ndani ya Katekisimo yetu. Swali ni hili: mtu ambaye hakuwasha moto, je, yampasa kuuzima? Kabla ya kulijibu nitasimulia kosa langu mwenyewe, msije mkadhani ya kuwa nasimama mlimani nikiwahubiri walio bondeni.

Miaka mingi iliyopita nalikuwa mwalimu katika shule moja ya milimani, upande wa Mbinga. Ilikuwa desturi, kama katika shule nyingi za nchi yetu, kila mtoto alete kuni siku mbili za juma. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, akaja msichana wa darasa la tano na vijiti vitatu vyembamba. Nalimwambia, "Hizi si kuni. Rudi, ukalete kuni kama wenzako." Hakujibu neno, akageuka akaenda. Alirudi jua likiwa karibu na utosi, masomo ya asubuhi yamekwisha, amebeba gogo zito lililokatwa upya, hata utomvu ulikuwa ukitoka. Nalimsifu mbele ya wenzake.

Jioni bibi yake akaja nyumbani kwangu. Nalimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Sikuja kugombana nawe, nimekuja kuuliza tu. Mjukuu wangu ameukata mparachichi wangu mchanga, uliokuwa kando ya mibuni. Nilipomwuliza, akasema, Mwalimu ameagiza. Basi nimekuja nijue: siku hizi mnafundisha nini shuleni?"

Sikuwa na jibu. Juma lile lile nalikuwa nikiwafundisha watoto hao Amri ya Saba, nao walikuwa wameikariri vizuri. Tena gogo lile, kwa kuwa lilikuwa bichi, halikuwaka. Lilitoa moshi tu. Mama mpishi akatokwa na machozi, na maharage yakaliwa yakiwa magumu. Mti ulipotea, masomo ya mtoto yalipotea, wala chakula hakikuiva. Hivyo ndivyo nalivyoanza kufikiri habari za kuni.

1. Moshi wa shule na joto la dunia

Waalimu wa sayansi watufundisha ya kuwa kuni, makaa ya mawe na mafuta, vikiungua, hutoa hewa ya ukaa. Hewa hii haionekani wala hainuki. Wala si kitu kibaya kwa asili yake, maana miti na mahindi hujilisha kwayo. Lakini ikizidi angani huwa kama blanketi nzito juu ya mtu mwenye homa: joto lapata kuingia, lakini kutoka lashindwa. Kabla ya viwanda vikubwa vya Ulaya kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa ya dunia, sehemu 280 hivi zilikuwa za hewa hii. Sasa zimepita 420. Mti ukikatwa ukachomwa, kisha mwingine ukapandwa ukakua mahali pake, mti mpya huivuta tena ile hewa. Usipopandwa, hewa hubaki juu. Na makaa ya mawe, yaliyolala chini ya ardhi tangu zamani zisizo na hesabu ya wanadamu, yakichomwa, hakuna msitu utoshao kuyafuta.

Sasa na tuulize: ni nani aliyechoma? Tukihesabu makaa, mafuta na gesi tu, Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka; Mjerumani, nusu yake hivi; Mtanzania, karibu robo ya tani. Yaani Mmarekani hutoa kwa juma moja kadiri ile ambayo Mtanzania hutoa kwa mwaka mzima. Basi yule msichana na vijiti vyake vitatu adaiwa nini?

Nalimsikia mzee mmoja akilisema jambo hili kwa namna yake. Alisema, "Waliokula nyama wameondoka karamuni, na sisi tulioonja mchuzi twaambiwa tuoshe vyungu." Neno lake lina haki ndani yake, wala asiwepo mtu wa kulidharau.

Hata hivyo tusijidai kuwa hatumo kabisa. Katika wilaya yetu ya Mbinga, kata ya Ruanda, kuna machimbo ya Ngaka, ambako makaa ya mawe yamechimbwa tangu mwaka 2011. Makaa ya huko yamewasha viwanda vya saruji vya nchi yetu. Tena vita ya Ukraina ilipopamba moto mwaka 2022, wanunuzi wa ng'ambo, hata wa Ulaya, wakayatafuta makaa ya mkoa wa Ruvuma, nayo yakapakiwa melini katika bandari ya Mtwara. Hapo mambo yachanganyika: yule atuambiaye tuhifadhi miti ndiye anunuaye makaa yetu, nasi tumlaumuo ndio tumwuziao. Kati yetu wako waliojenga nyumba na kulipa ada za watoto kwa mshahara wa machimbo hayo. Sisemi wametenda dhambi. Nasema tu ya kwamba katika jambo hili ni vigumu kumpata mtu mwenye mikono isiyo na masizi.

2. Hatia ni kitu kimoja, wajibu ni kitu kingine

Nimeona ya kuwa tukilijadili neno hili huwa twachanganya mambo mawili. Moja ni hatia: ni nani aliyeleta madhara? La pili ni wajibu: ni nani yampasa kusaidia? Mara nyingi mawili haya hukaa kwa mtu mmoja: mvunja chungu na alipe chungu. Lakini si lazima yakae pamoja siku zote.

Kumbukeni habari ya Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Msamaria yule hakumpiga yule mtu, wala hakumvua nguo, wala hakuwa rafiki wa wanyang'anyi. Kama ni habari ya hatia, alikuwa safi, naye angeweza kupita. Kuhani na Mlawi nao walikuwa safi kwa hesabu hiyo, nao wakapita. Bwana hakuuliza ni nani aliyempiga mtu yule. Aliuliza ni nani aliyekuwa jirani yake. Tena tuangalie: Msamaria alipotoa mafuta na divai na fedha zake, hakuwafutia wanyang'anyi deni lao. Deni lao lilibaki palepale. Ndivyo ilivyo kwetu. Tukipanda miti na kupunguza kuni, hatuyaondolei mataifa tajiri mzigo wao hata kidogo, nasi tuna haki ya kuwadai kwa sauti. Lakini haki ya kudai si ruhusa ya kumpita aliyelala njiani.

Na ni nani aliyelala njiani kwetu? Ni mama mpishi ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi kila siku ya Mungu. Ni mtoto akosaye somo la hesabu kwa kuwa yuko porini atafuta ukuni. Ni mteremko uliokatwa miti, ambao mvua ya Januari yautelemsha mtoni. Hawa hawako Ulaya wala Marekani, wako katika njia yetu sisi. Hata kama anga lisingekuwa na joto lo lote, bado hawa wangetudai.

Wengine wasema, "Kuweka akiba ni kazi ya walio na vingi, sisi hatuna cha kupunguza." Nawajibu kwa habari ya Injili ya Yohana, sura ya 6. Bwana aliwalisha watu elfu tano kwa mikate michache. Ambaye aweza kufanya hivyo, mabaki ya nini kwake? Angeweza kufanya mingine kesho. Walakini aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Hapo naona ya kuwa kutopoteza si tabia itokayo katika umaskini tu. Ni heshima kwa Mtoaji. Aliye na kingi na akusanye, aliye na kidogo na akusanye, kwa kuwa vyote viwili vimetoka katika mkono mmoja.

Hapa ndipo nilipoirudia Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529, nikaona nalikuwa nimeisoma nusu. Alipoieleza Amri ya Saba hakuishia katika kukataza mkono usichukue mali ya jirani. Aliongeza kwamba imetupasa kumsaidia jirani azitunze mali zake na kuzistawisha. Na alipolieleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu ndani ya mkate huo si unga peke yake, bali shamba pia, na hali njema ya hewa, na majirani waaminifu. Nalikuwa nimezipita hesabu hizi mara nyingi kama mtu apitaye vijiji asivyokuwa na ndugu ndani yake. Sasa naziona zimeshikana: hali ya hewa na jirani mwaminifu vimo katika ombi moja.

3. Mlima mmoja, shule mbili

Baada ya bibi yule kuja, nalikwenda kumwomba radhi. Nalipanda mparachichi mwingine mahali pa ule wa kwanza, pamoja na yule mtoto. Bibi alisimama akitazama, kisha akaniuliza, "Na wale wa shule ya ng'ambo ya bonde, mmewaambia? Maana nao hupita hapa hapa." Siku ile sikulielewa swali lake.

Shuleni petu twalifanya shauri jema. Twaliagiza watoto walete kuni zilizokauka tu, na ule mlima wa nyuma ya shule tukauacha upumzike. Watoto walitii. Kiangazi kilichofuata nalipanda kuutazama, nikaukuta mtupu. Shule ya ng'ambo ya bonde walikuwa wameuona una kuni nyingi kuliko kwao, wakaja wakazichukua. Nao hawakuwa watu wabaya; watoto wao pia wana njaa saa sita. Tulichokiacha sisi, wao walikichoma. Juhudi yetu yote ilikuwa kama kumwekea jirani kuni tayari.

Hapo nikalielewa swali la bibi. Mtu akiokoa peke yake kitu kilicho cha wote, huenda hajakiokoa, amekiahirisha tu. Wengi wakifika hapo husema, "Basi na tuchukue nasi, kabla hapajaisha." Na mataifa makubwa husemezana maneno yayo hayo katika mikutano yao. Lakini neno lililo sawa ni jingine: ikiwa kuokoa peke yangu hakufai, imenipasa kwenda kuzungumza na jirani. Wema wa namna hii hauwezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Hukaa katika patano.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Wamatengo walipokimbilia milimani katika karne ya 19 kwa sababu ya vita vya Wangoni, walijikuta watu wengi katika nchi ya miteremko mikali. Wakalima kwa mashimo yaitwayo ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, mwezi wa Machi, hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokingamana, hata mteremko mzima huwa kama wavu. Kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Shimo hushika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Majani huoza chini yakawa mbolea. Juu yake hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Mahali pengi wakulima huyachoma majani ya shamba. Mmatengo huyazika, na ile ambayo ingekuwa moshi ikabaki ardhini ikimlisha. Lakini angalieni jambo moja: ngoro za mtu mmoja hazitoshi. Aliye juu yako mlimani asipochimba, maji ya shamba lake yatashuka na kuyavunja mashimo yako. Kila shamba la mteremkoni lalindwa na mwenye shamba la juu.

Tena wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo mmoja walikutana wakala pamoja vyakula vilivyopikwa katika nyumba zao, na hapo hapo wakashauriana, wakaamua magomvi, wakawafundisha vijana. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wataalamu wa Japani walipofanya kazi katika vijiji vya Mbinga, kuanzia mwaka 1999 hata 2004, waliliona jambo hili kuwa hazina. Katika kijiji cha Kindimba watu walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu za maji, na kamati yao wakaiita kwa jina lile la zamani, Sengu. Jina lililokuwa la ukoo likawa la kijiji.

Basi shauri langu ni hili: shule zinazochukua kuni katika mlima mmoja, au katika pwani moja, na ziwe na sengu yao. Waalimu wakuu, wapishi, na wazee wawili watatu wa kila kamati wakutane kila muhula, leo katika shule hii, muhula ujao katika shule ile. Na wale chakula kilichopikwa katika jiko la shule hiyo, pamoja na watoto, ili kila mmoja aone kwa macho yake moshi wa mwenzake na rundo lake la kuni. Mambo mengi yashindikanayo kwa barua hupata njia watu wakila sahani moja.

Nalo jambo hili litatuvusha mpaka mwingine. Sisi Walutheri katika nchi hii tu wachache. Milimani wengi ni ndugu zetu Wakatoliki, tangu Wabenedikto walipofungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Pwani ya Ziwa wengi ni Waanglikana, wana wa ile misheni iliyokaa kisiwani Likoma tangu miaka ya 1880. Wako pia Waislamu, na shule nyingi sasa ni za Serikali. Mlima hauulizi ni dhehebu gani lililopika. Tukingoja mpaka tukubaliane katika mafundisho yote ndipo tukae pamoja juu ya kuni, mlima utakuwa umekwisha.

4. Yaliyo katika uwezo wetu

Naandika sasa kwa ajili ya wale watakaouliza, "Tuanzie wapi?"

Kwanza, na tuhesabu. Shule isiyojua yachoma mizigo mingapi kwa juma haiwezi kujua imepunguza nini. Watoto wenyewe wapime na kuandika ukutani. Hilo ni somo la hesabu lenye maana kuliko mengi yaliyo vitabuni. Na shule zilizo katika sengu moja zioneshane hesabu zao.

Pili, na tuchome kilichokauka. Katika ukuni mbichi, nguvu nyingi za moto hutumika kuyafukuza maji kwanza, na kinachobaki ni moshi. Banda dogo la kuanikia kuni zilizokusanywa kiangazi laokoa kuni nyingi wakati wa masika.

Tatu, maharage yalowekwe usiku, na sufuria ifunikwe. Mama zetu walijua hayo kabla ya sayansi kuandikwa. Na mafiga matatu yaliyo wazi yapeleka moto mwingi upeponi kuliko sufuriani. Jiko banifu la matofali, ambalo sufuria imezama ndani yake na moshi hutoka kwa bomba, laweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi, na macho ya mpishi yakapona.

Nne, kila shule iwe na shamba lake la miti ya kuni, ikatwe kwa zamu na kupandwa kwa zamu. Lakini mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi.

Tano, habari za gesi na umeme. Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na ikataja tarehe 31 Januari 2024. Mwezi wa Mei mwaka 2024 ukatolewa mkakati wa nchi nzima, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Ni shauri jema. Lakini tuseme kweli, mtungi wa gesi si zawadi ya mvua. Shule moja ikinunua peke yake hulemewa. Shule sita zikinunua na kusafirisha pamoja hupata nafuu. Tena tusidanganyane: gesi nayo hutoa hewa ya ukaa. Faida yake ni kwamba yapumzisha mlima na mapafu ya mpishi, na hiyo si faida ndogo.

Umeme nao una hadithi yake kwetu. Zamani taa za Songea na Mbinga ziliwashwa kwa mashine za dizeli, mafuta yakiletwa kwa malori kutoka mbali. Mwaka 2015 masista wa Chipole walikwisha kujenga mtambo wa maji wa Tulila juu ya mto Ruvuma, na mwaka 2018 njia kuu ya umeme kutoka Makambako ikafika Songea. Basi nchi iliyobarikiwa mito kama yetu yaweza kuwaka bila dizeli. Lakini taa iwakayo mchana kutwa katika darasa tupu ni maji yaliyopita bure.

Kwa ndugu wa pwani, kuanzia Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, sengu yenu itakuwa na wajumbe zaidi, maana wakaushaji wa samaki nao wahitaji kuni zile zile. Dagaa waweza kukauka kwa jua. Samaki wakubwa hukaushwa kwa moshi. Ziwa lenyewe lina habari ya kutunyenyekeza. Meli Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1901, ilikusudiwa na misheni iwe hospitali na shule ya kufundishia waalimu, ikitembea kutoka kijiji hata kijiji. Nayo ilikwenda kwa kuni, ambazo watu wa pwani walizikata na kuzipanga tayari. Hata shule ile iliyoelea juu ya maji ilikula miti ya nchi kavu. Siwalaumu wazee wale. Walifanya kwa nuru waliyokuwa nayo. Sisi tumepewa nuru nyingine, nasi tutaulizwa habari zake.

5. Maonyo manne

La kwanza: tusiokoe kuni kwa kuwapunguzia watoto chakula. Shule iachayo kupika uji ili hesabu yake ipendeze imemwibia maskini na kuiita ibada.

La pili: tusiwatwishe watoto mzigo wa wakubwa. Mtoto na afundishwe, apande mche, ahesabu kuni. Lakini asiambiwe kwamba joto la dunia limeletwa na yeye. Nalimtwisha mtoto mmoja mzigo usio wake, nami najua ulivyoishia.

La tatu: tusifanye ili tuonekane. Pakiwapo zawadi kubwa kwa shule iliyopunguza zaidi, zitazaliwa hesabu za uongo. Patano la majirani wanaotembeleana latosha kuwa mlinzi.

La nne: tusinyamaze. Mkristo apandaye mti anayo haki zaidi ya kuwaambia wenye viwanda na wenye mamlaka, wa kwetu na wa ng'ambo, wafanye sehemu yao, nao sehemu yao ni kubwa. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa mkuu wa Kanisa letu hata mwanzo wa mwaka 2024, alijulikana kwa jina la Askofu wa Miti kwa ajili ya kazi yake katika miteremko ya Kilimanjaro. Kupanda kwake hakukumzuia kusema. Kulimpa cha kusemea.

Basi narudi katika swali la kwanza. Asiyewasha moto, je, yampasa kuuzima? Moto ukiwa katika nyumba ya jirani, hakuna mtu wa kijijini aulizaye ni nani aliyeuwasha kabla ya kukimbia na ndoo. Ataulizwa baadaye, na ni haki aulizwe. Lakini ndoo hutangulia. Na mtu mmoja na ndoo moja hushindwa, watu wakisimama kwa mstari toka mtoni, ndoo ikipita mkono kwa mkono, huweza.

Wainjilisti wenzangu, mtakapofundisha Amri ya Saba kwa vijana wa kipaimara mwaka huu, wapelekeni siku moja jikoni kwa shule iliyo karibu. Waoneni pamoja nao mpishi, rundo la kuni, na mlima ulio nyuma. Kisha waulizeni swali ambalo bibi mmoja aliniuliza mimi: "Na wale wa ng'ambo ya bonde, mmewaambia?" Wakisema bado, nendeni nao siku hiyo hiyo mkawaambie.

Bwana aliyeagiza vipande vikusanywe atupe mikono ya kukusanya, na majirani waaminifu wa kukusanya pamoja nasi. Amin.